Oili Chafu Haitibu Mbwa

Pita na mbwa mwenye vidonda katika mtaa wowote wa Dar es Salaam au Morogoro, utapewa ushauri kabla hujaulizwa jina lake. Fundi wa gereji atakuambia umpake oili chafu. Mama wa genge atakutajia kapsuli ya rangi mbili. Muuza duka la dawa za mifugo atakumiminia dawa ya josho kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, bila lebo wala maelezo. Wote wana nia njema, na wote wanaanzia kwenye dai moja wasilolitamka, kwamba tiba ya mbwa ni ya wenye magari na mageti. Nimefuga mbwa kwa muda mrefu, na nimeosha vidonda vingi vilivyokwisha kupitia ushauri wa namna hiyo. Kinachomaliza pesa ni kubahatisha. Kuosha, kufunika na kumzuia mbwa asijilambe ni kazi ya bei ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Nianze na la gereji: "Mpake oili chafu, upele utakauka." Anayesema hivyo mara nyingi ana ushahidi. Alimpaka mbwa wake, na baada ya wiki kadhaa manyoya yakarudi. Sina sababu ya kumwita mwongo. Ila upele wa mbwa una aina zaidi ya moja. Upo unaoletwa na demodeksi, kidudu kinachoishi ndani ya vinyweleo, ambacho mtoto wa mbwa hukipata kwa mama yake katika siku za mwanzo za kunyonya. Kwa mbwa mdogo mwenye mabaka machache usoni au miguuni, upele huu mara nyingi hupona wenyewe kadiri kinga ya mwili inavyokomaa. Oili ikipakwa wakati huo, hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili. Upo pia wa sakoptesi, kidudu kinachochimba vijia ndani ya ngozi. Huo ndio unaomkosesha mbwa usingizi kwa kujikuna, unaoanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo, na unaoweza kuwawasha hata watu wa nyumbani. Huo haungoji kupona wenyewe, na oili haiufikii ulipo.

Oili iliyotoka kwenye injini imebeba vyuma vilivyosagika na masalia ya mafuta yaliyoungua. Mbwa aliyepakwa hujilamba, na alichopakwa mgongoni kinaishia tumboni. Akitapika, oili inaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Ngozi iliyochubuka nayo haina tena kinga ya kuzuia sumu isipenye. Mafuta ya taa, dizeli na maji ya betri yako kundi hilohilo, na haya huunguza papo hapo. Kama mbwa amekwisha kupakwa, usimtoe oili kwa petroli. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji mengi ya uvuguvugu, rudia hadi maji yatoke safi, kisha mkaushe kwa taulo kabla hajapata nafasi ya kujilamba.

"Kama inaua kupe wa ng'ombe, upele wa mbwa utaishindaje?" Swali hili lina mantiki, na ni kweli kwamba amitrazi, moja ya dawa za josho zinazojulikana sana, imetumika miaka mingi kutibu upele wa mbwa. Tatizo liko kwenye kipimo. Amitrazi ya asilimia 12.5 imetengenezwa ichanganywe na maji mengi sana, na anayemimina kifuniko kimoja kwenye kopo hajui ametengeneza nini. Ikizidi, mbwa hulegea na kusinzia, mapigo ya moyo yanapungua, mwili unapoa. Tena dawa za josho hazifanani. Baadhi ni za jamii ya oganofosfeti, ambazo humfanya mbwa atokwe na mate, atetemeke na kushindwa kupumua. Na ngozi yenye vidonda wazi haiogeshwi dawa hizi hata zikiwa zimepimwa sawasawa.

Sindano ya ivermektini ya ng'ombe ina mtego huohuo. Ile ya asilimia 1 imepangwa hivi: mililita moja ni dozi ya mnyama wa kilo 50. Mbwa wetu wengi hawafiki hata nusu ya uzito huo, na bomba hujazwa kwa kukadiria kwa macho. Mbwa wa jamii ya koli, na baadhi ya wenye damu ya German Shepherd ambao ndio walinzi wa mageti mengi mjini, huweza kurithi hitilafu inayoiruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Wanaweza kupofuka kwa muda, kudondoka, hata kufa. Siku hizi vipo vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini vinavyoua kupe, viroboto na vidudu vya upele kwa pamoja, vingine kwa mwezi mmoja na vingine kwa takribani miezi mitatu. Havimfai mbwa mwenye historia ya kifafa, na bei ya kimoja inashtua dukani. Ila weka kando yake jumla ya chupa za kubahatisha zilizorundikana stoo, halafu piga hesabu.

Sasa tuje kwenye kidonda chenyewe, maana hapa ndipo madai ni mengi na hapa ndipo mkono wa mwenye mbwa una kazi kubwa zaidi.

"Ikitoa povu ujue inaua wadudu." Hilo husemwa kuhusu peroksaidi. Povu lile hutokana na kimeng'enya kilichomo kwenye damu na kwenye seli za mwili, kinachoipasua peroksaidi na kutoa oksijeni. Litatoka hata kidonda kikiwa safi. Kinachotokea chini yake ni kwamba seli changa zinazojenga nyama mpya zinaunguzwa pamoja na bakteria. Spiriti na dawa kali za kusafishia sakafu hufanya vivyo hivyo, na humfundisha mbwa kukimbia kila akiona beseni. Mbwa asiyekubali tena kuguswa ni hasara kubwa, kwa sababu kidonda cha ngozi iliyooza huhitaji kuoshwa mara nyingi.

Maji ya chumvi yanatosha. Chemsha lita moja ya maji, tia gramu 9 za chumvi, yaani kama kijiko kimoja na nusu cha chai kilichosawazishwa, funika, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Paketi ya nusu kilo inakupa zaidi ya lita 50. Usizidishe ukidhani yatasafisha zaidi, kwani chumvi ikizidi inawasha na kukausha nyama changa. Kama hakuna muda wa kuchemsha na jeraha lina mchanga, maji safi ya bomba yanayotiririka ni bora kuliko kusubiri.

Mbwa mwenye maambukizi yaliyozama kwenye ngozi hunuka kabla hujamfikia. Manyoya yamegandana na usaha, ukiyavuta yanatoka na ngozi, naye anageuka kukuangalia. Usivute. Lowesha kitambaa safi kwa maji hayo ya chumvi, kilaze juu ya kigaga kwa dakika 10 hadi 15, kirudie kikipoa. Kigaga kikilainika kinateleza chenyewe, na chini yake utaona vitundu vidogo vinavyotoa damu na usaha. Punguza manyoya pembeni kwa mkasi wenye ncha butu, ukipaka kwanza jeli ya kulainisha juu ya kidonda ili manyoya yanayokatika yasinasie humo. Kisha chukua bomba la sindano la mililita 20, vuta maji, yasukume kwa nguvu ya wastani kutoka pembeni, tena na tena. Wingi wa maji ndio unaofanya kazi. Watu wengi huishia kwenye pamba moja iliyolowa, ambayo husogeza uchafu na kuacha nyuzi.

Ukitaka kuongeza dawa, povidoni ya iodini ya asilimia 10 inauzwa karibu kila duka la dawa. Sehemu moja kwa tisa za maji inatosha kabisa, na hata ikiwa nyepesi zaidi, yenye rangi ya chai isiyokolea, bado inafanya kazi. Klorheksidini isiyo na sabuni, ya asilimia 4, huchanganywa mililita 12 au 13 tu kwa lita nzima. Zikipakwa bila kuchanganywa zinageuka kuwa kama ile peroksaidi.

"Kidonda kiache wazi kipigwe na hewa." Mwaka 1962 mtafiti George Winter alifanya majaribio kwa nguruwe, akaonyesha kwamba vidonda vilivyofunikwa na kubaki na unyevu vilijifunika ngozi mpya haraka karibu mara mbili ya vilivyoachwa vikakauka. Ngozi mpya hutambaa juu ya kitanda chenye unyevu, na kigaga kigumu huilazimisha ichimbe kwenda chini kutafuta pa kupita. Huku kwetu kuna sababu ya ziada inayoitwa nzi. Kidonda wazi kwenye mbwa anayelala uani hakipigwi na hewa peke yake.

Katika kufunika, asali ni dawa ya kweli, na hilo nalisema bila kusita. Inavuta maji kutoka kwenye tishu na kuosha kidonda kutoka ndani, ina uchachu usiowapendeza bakteria, na ikikutana na majimaji ya kidonda hutoa peroksaidi kidogo kidogo, kwa kiwango kisichounguza. Iwe asali halisi isiyochemshwa, ya Tabora au Singida au kwingine unakomwamini mrinaji, maana ya barabarani mara nyingi imeongezwa sukari guru na maji. Ipake nene kwenye gozi, laza gozi kwenye kidonda, weka juu yake kitu cha kunyonya, na hapa kipande cha pampasi au pedi kinafanya kazi nzuri kabisa, halafu zungushia bandeji au utepe wa kanga safi. Siku za kwanza hulowa haraka, badilisha kila siku au hata mara mbili. Nyama nyekundu yenye chembechembe ikishajaza kidonda, badilisha kila baada ya siku mbili au tatu, na hapo asali unaweza kuiacha.

Asali ikikosekana, sukari nyeupe iliyorundikwa nene hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, mradi ibadilishwe kila ikiyeyuka. Lakini vyote viwili si vya mashimo membamba yanayoingia ndani, wala si vya mbwa ambaye mwili mzima umechimbika, kwa sababu vinamnyonya maji. Na kama bandeji iko mguuni, acha kucha mbili za katikati zionekane. Zikianza kuachana au vidole vikiwa vya baridi, umekaza mno, fungua mara moja.

Majivu, kahawa na kinyesi cha ng'ombe nitayapita haraka: yanaziba, yanachafua, na kinyesi hubeba vimelea vya pepopunda. Mshubiri una utomvu wa njano unaomharisha mbwa akiulamba. Mwarobaini una heshima yake, lakini haumalizi maambukizi yaliyokwisha kuzama.

Dai la mama wa genge ni gumu zaidi kulijibu kwa sababu lina nusu ya ukweli. "Fungua kapsuli, nyunyizia unga." Ndani ya kapsuli kweli kuna antibiotiki. Ila unga ule huganda na usaha ukawa kifuniko, na chini yake maambukizi yanaendelea gizani. Bakteria anayehusika mara nyingi kwa mbwa ni Staphylococcus pseudintermedius, ambaye kwa kawaida huishi kwenye ngozi yake bila madhara, na huja juu pale upele, kupe au mzio unapoiharibu ngozi hiyo. Ukimpiga kwa dawa ndogo, kwa siku tatu, kisha ukaacha kwa sababu kunaonekana kumekauka, unawabakiza wale sugu. Wapo sasa ambao dawa nyingi za kawaida hazifui dafu kwao, na matibabu yao ndiyo ya bei ya kutisha.

Kwa maambukizi ya juu ya ngozi, madaktari siku hizi huanza na kuogesha: shampuu ya klorheksidini, mara mbili au tatu kwa wiki, povu likae dakika 10 kabla ya kusuuza. Ni nafuu, na haitengenezi usugu kama vidonge. Maambukizi ya ndani, yenye vitundu, uvimbe na maumivu, ndiyo yanayohitaji vidonge, kwa wiki kadhaa, na daktari aamue lini viishe. Pale hakuna njia ya mkato.

"Waache funza, wanakula uchafu." Kuna hospitali zinazotumia mabuu kusafisha vidonda, lakini wale wamezalishwa maabara bila vimelea, ni wa aina inayokula nyama iliyokufa, na wanahesabiwa. Waliomo kwenye mbwa wako hawajachaguliwa na mtu. Afrika tunaye nzi aitwaye Chrysomya bezziana, ambaye mabuu wake hula nyama hai na kuchimba hadi ndani kabisa. Ukipenyeza mwanga wa tochi kwenye shimo la kidonda kama hicho, utaona ncha nyeupe zikijirudisha ndani zote kwa pamoja. Toa kila mmoja kwa kibano, suuza, toa tena kesho, kwa sababu mayai yanaendelea kuanguliwa. Usitie tumbaku wala ugoro, nikotini inaua mbwa. Usitie petroli. Wakiwa wengi, au karibu na jicho, sikio au njia ya haja, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Halafu kuna hili la wapenda mbwa: "Mwache ajilambe, mate yake ni dawa." Mate ya mbwa yamechunguzwa na kuonekana yanaua baadhi ya bakteria, kwa hiyo wazee hawakulitoa hewani. Lakini ulimi wa mbwa hukwaruza, na haujui kuacha. Kidonda cha ukubwa wa sarafu jioni huamka kikiwa kama kiganja. Kola ya kinga hutengenezwa kwa boksi gumu, au ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa kitako na kufungwa kwenye ukanda wa shingo. Kidonda kikiwa kifuani au mgongoni, fulana kuukuu inatosha: miguu ya mbele kwenye mikono ya fulana, pindo limefungwa fundo juu ya kiuno.

Dawa za maumivu za binadamu, neno moja tu: usimpe. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na parasetamoli kipimo chake kinakosewa kwa urahisi. Zipo za mbwa, mwombe daktari.

Pwani nasikia pia, "Mbwa ni najisi, nani atamgusa?" Hili nalijibu kwa heshima, maana ni suala la ibada ya watu. Udhu na kujitoharisha kuna utaratibu wake, na kila mwenye dini anaujua. Lakini Waislamu wenyewe wamefundishwa hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, na akasamehewa. Glavu zipo, na zikikosekana mfuko wa plastiki mkononi unatosha. Tena glavu ni za lazima kwa kila mtu, wa dini yoyote, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Jeraha la kung'atwa lisilojulikana limetoka wapi linaweza kuwa limebeba mate yenye ugonjwa huo. Mfunge mbwa mdomo kwa utepe kabla ya kumgusa, isipokuwa kama anatapika au anapumua kwa shida. Mpeleke akachunguzwe na kuchanjwa hata kama alishachanjwa. Na mbwa yeyote akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo, usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Tunarudi basi kwenye lile dai lisilotamkwa. "Daktari ni ghali." Kwa baadhi ya kliniki za mjini, ndiyo. Lakini angalia unachonunua. Daktari anakwangua ngozi kwa wembe hadi itoe damu kidogo, anaweka alichokwangua kwenye kioo na kukitazama kwa darubini. Anagandisha selotepu kwenye usaha na kuipaka rangi. Vipimo hivi havihitaji mashine kubwa wala siku nyingi, na vinakuambia kama una demodeksi, sakoptesi, fangasi au bakteria peke yao. Hapo umefuta dawa zisizo zake kwa mkupuo mmoja. Vipo pia visivyotibika kwa kuosha hata uoshe mwaka mzima. Uvimbe unaotoa damu sehemu za siri, wa kama koliflawa, mara nyingi ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, na hutibika vizuri kwa sindano za vinkristini. Nimeona mbwa wa namna hiyo akipakwa dawa ya rangi ya zambarau miezi kadhaa.

Mwambie daktari wazi, kabla hajaanza, una kiasi gani. Mwulize ni kipimo gani kimoja kitabadilisha matibabu, na ni kazi gani unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Kuosha na kubadilisha bandeji huongeza bili, na hiyo ni kazi unayoiweza. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro inafundisha wanafunzi kwa wagonjwa halisi, na bwana mifugo wa kata naye yupo hata pale ambapo kliniki hakuna.

Lililobaki ni lile la mwisho, linalosemwa kwa sauti ya huruma: "Huyo ameshaoza, auawe tu." Mbwa aliyebaki bila unyoya kwa sababu ya sakoptesi anatisha kumtazama, lakini akipata dawa sahihi huacha kujikuna katika wiki chache, na manyoya hufuata. Usimhukumu kwa harufu. Mhukumu kwa haya: je, anakula, anasimama, anaitikia sauti? Kama mfupa umeoza, kama figo zimekufa, kama maumivu hayatulizwi, kumpumzisha ni haki yake, na hilo hufanywa na daktari kwa sindano, mnyama akiwa amelala, mwenye mbwa akiwa pembeni. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na nyama yenye sumu iliyotupwa uani si njia ya kumpumzisha mnyama yeyote.